Mihogo Ambayo Sikuionja

Mwanangu Bakari,

Barua huanza kwa kumjulia mtu hali, lakini hali yako naiona kwa macho yangu kupitia dirisha la jiko. Uko uani umelikalia sanduku la bati ili lifungike, unahema, na shati jipya umeshalitia jasho kabla safari haijaanza. Baba yako amesimama kando anakufundisha kufunga kamba, ilhali sanduku lina kufuli mbili. Sote tu wazima. Mimi ndiye ninayeumwa kidogo, na ugonjwa wenyewe ndio huu ninaokuandikia.

Kesho asubuhi utapanda basi, uvuke Likoni, kisha garimoshi likuchukue mpaka bara kwenye hicho chuo cha kilimo. Miaka miwili. Ukirudi utakuwa bwana shamba, una kaptura ya kaki na daftari, na mama yako itabidi akupishe njia. Habari za kufua, za kuswali kwa wakati na za kutomwazima mtu blanketi lako sitaziandika. Nimezisema wiki nzima mpaka umeanza kunimalizia maneno kabla sijafika mwisho, tena kwa sauti yangu, na nimekusikia.

Nataka kukwambia jambo moja ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata baba yako. Linamhusu shangazi yako Mwatumu. Nyumba yake iko hapo ng'ambo ya ua wa michongoma, ni dada wa baba yako tumbo moja, na kwa miaka minane hujampa shikamoo kwa sababu mimi nilikukataza. Nilikukataza kwa uongo. Ukiondoka kesho bila kujua, utakwenda na uongo huo mpaka bara, na Mwatumu si kijana. Hakuna anayejua kama utamkuta ukirudi.

Nikwambie kweli, nilikusudia kuificha karatasi hii chini ya nguo zako, uione ukiwa umeshapita Mackinnon Road, garimoshi linakwenda na huna namna ya kuteremka uje kuniuliza. Nimeona nianze kuandika kwanza. Nikimaliza nitajua mwenyewe niiweke wapi.

Usicheke mwandiko. Wewe uliingia shule una miaka saba, mimi nimeshika kalamu baada ya Uhuru, nikakaa goti kwa goti na wenzangu kwenye kisomo cha watu wazima, mbele ya mwalimu msichana aliyeniita mama huku akinisahihisha. Herufi zangu bado zinalala upande, lakini zasomeka.

Waukumbuka mwaka ule wa jua? Uhuru ulikuwa bado, wewe una miaka kumi. Vuli haikunyesha, na kaskazi ikaingia juu ya udongo uliokwisha kukauka. Baba yako alikwenda Mackinnon Road kutafuta kibarua cha kupakia malori, tukabaki mimi na wewe na shamba nyuma ya nyumba. Mahindi yalitangulia kufa. Yaligeuka manjano kutoka chini, jani baada ya jani, kila kilichobaki kikapandishwa kwenye vile vigunzi, na mwisho vigunzi vyenyewe vikatoka na punje za kuhesabika, kama meno ya bibi yangu.

Muhogo haukufa. Muhogo ulifanya mambo ambayo mimi, niliyezaliwa shambani, nilikuwa nikiyaona kila kiangazi na sijapata kuyatazama sawasawa. Mchana ulilegeza majani yakaning'inia, jua lisiyapate uso kwa uso. Ukaacha kurefuka. Kisha ukaanza kuangusha majani, ya chini kwanza, moja moja, mpaka kila mti ukabaki na kishungi cha majani madogo kileleni na shina tupu chini yake. Sasa najua, kwa kuwa umenisomea wewe, kwamba mmea haulitupi jani lake ovyo. Huvuta kwanza kilicho chake, hiyo naitrojini yako na wenziwe, ukakirudisha kwenye shina na mizizi, ndipo unaliachia jani likiwa ganda tu. Ndiyo maana jani lililoanguka lenyewe ni jepesi mkononi. Nimeyaokota miaka mingi na sikuwahi kujiuliza kwa nini hayana uzito.

Mimi niliona uchafu. Wanijua na ufagio wangu. Kila asubuhi nilifagia uwanja, nikaendelea mpaka chini ya mihogo, nikayakusanya majani yote nikayachoma, udongo ukabaki mweupe unang'aa, nikasimama na kujisifu. Ng'ambo ya ua shamba la Mwatumu lilikuwa limejaa majani makavu yanayofika vifundoni, na kunde alizovuna alizikata juu, mizizi akaiacha ardhini ioze humo humo. Nilikuwa nikipita na wenzangu nasema kwa sauti, makusudi asikie, "Jamani, mtu asiye na mtoto atamfagilia nani?" Hayo ni maneno yangu, Bakari. Nayaandika kama nilivyoyasema.

Wala sikuishia hapo. Mboga ilipokosekana nikawa nachuma kisamvu. Kile kishungi cha kileleni, ambacho mti ulikuwa umekibakisha kwa shida, ndicho nilichokikata nikakitwanga tukala. Baada ya siku kadha mti ukatoa kingine, nami nikakikata tena. Nikadhani muhogo ni mkarimu. Kumbe kila nilipokata, mti ulirudi kwenye akiba yake ya chini, ukachota kidogo, ukasukuma majani mapya. Nikichuma juu nilikuwa namaliza na chini. Miti iliyochoka kabisa nikaing'oa, mashina yake nikayafanya kuni.

Mwatumu aliniambia. Alisimama kwenye pengo la ua, mkeka anaousuka umemning'inia begani, akasema, "Wifi, iachie hata hayo machache. Mti utapumulia wapi?" Nikamjibu kwamba mimi nina mtoto wa kulisha. Neno hilo la mtoto nilikuwa nalo mdomoni kila nilipozungumza naye, maana nilijua linampata wapi.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani, katikati ya jua lile lile.

Wajua desturi yetu. Mwanamke akichimba muhogo huvunja ncha, akauonja mbichi kwa ulimi. Ukiwa mtamu, hubandikwa. Ukiwa mchungu, humenywa, ukalowekwa siku kadha, ukaanikwa, ndipo ukaliwa. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa bado siwezi hata kuubeba mtungi. Na hata hii aina tamu tunayoipanda huku Munje huweza kugeuka, kwa sababu jua likiuzidi mti, uchungu huongezeka mizizini. Kwa nini hasa, wewe utakwenda kujifunza. Mimi nilijua kwamba hugeuka, na hilo lilitosha.

Siku ile nilichimba mashina manne. Mizizi ilitoka myembamba, ina nyuzi. Nikaivunja ncha nikaifikisha mdomoni, nikairudisha. Nilikuwa nimefunga, na nilikuwa na kiburi cha saumu yangu, kwamba tangu mwezi uandame hata maji ya kutawadha sijayaacha yakanifika kooni. Ningeonja na kutema, nisingepungukiwa na kitu. Nawe siku hiyo ulikuwa unafunga kwa mara ya kwanza, saumu ya watoto, mpaka adhuhuri, nami nilitaka ukifungua ukute chakula kiko moto. Nikamenya, nikabandika. Ya futari ningeitia nazi baadaye.

Mwatumu alikuja kuomba kaa la moto la kuchemshia rangi ya ukili wa mikeka yake. Akainama juu ya chungu.

"Mihogo hii umeionja, wifi?"

"Nimefunga."

"Kuonja na kutema hakuharibu saumu. Hata shehe atakwambia."

"Wifi, umenifundisha kulima. Sasa wanifundisha na dini?"

Akakutazama wewe, uliyekuwa umejilaza kwenye mkeka mlangoni, midomo mikavu, unauliza adhuhuri bado ngapi. Akakutazama sana. Akaondoka na kaa lake.

Ulipofungua ulikula kwa pupa, tumbo tupu. Haikupita saa ukasema kichwa chazunguka. Ukatapika, ukasimama miguu ikakataa, ukaanza kuhema kama mtu aliyekimbia. Nilipokunyanyua shingo haikujishika. Nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao.

Wa kwanza kufika alikuwa Mwatumu, ana kata ya maji mkononi. "Amekula nini?" akauliza. "Wifi, niambie, amekula nini?" Nami nikasimama mlangoni nikaunyoosha mkono nikamzuia. Nilisema, watu wameshajaa uani na kila mmoja anasikia, "Umemtazama, umeshiba? Huna wako, sasa wamtaka wangu!"

Akaiweka kata chini, polepole, maji yasimwagike. Akarudi kwake.

Ulipelekwa hospitali Msambweni kwenye baiskeli ya jirani, mimi nakimbia nyuma nimekushika mgongo. Huko waliniuliza swali lile lile, amekula nini, nikasema chakula cha kawaida. Kesho yake ulifumbua macho ukaomba uji, na ulipomaliza ukaomba mwingine. Nilisujudu pale pale sakafuni. Niliporudi nyumbani nilisema kwa watu kwamba chakula kilitazamwa na jicho la mtu. Lakini sikiliza, Bakari. Mtu anayeamini kweli kwamba ni jicho angekimwaga chakula kile mbele ya wote. Mimi nilikifukia nyuma ya choo, peke yangu, nikakanyaga udongo juu yake. Kwa hiyo ndani yangu mlikuwa na kitu kinachojua. Nilikifukia nacho.

Baba yako aliporudi Sikukuu nilimsimulia kama nilivyowasimulia wengine. Hakugomba. Alikaa akitazama ule ua muda mrefu, na tangu siku ile hakuuvuka. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, ndiye aliyembeba mgongoni mama yao alipokufa. Nawe nikakufundisha kuzunguka njia ya mbali kwenda kisimani, usipite mbele ya nyumba yake, na akikuita usiitike. Ulikuwa mtoto mtiifu. Mara moja alikuita ukaangalia chini ukapita, nikakusifu.

Mvua ikaja, na ilipokuja ilikuja kwa fujo. Katika juma la kwanza shamba la Mwatumu, ambalo nililiita jaa, lilichipua kila jicho la kila shina. Yale majani aliyoyaacha chini yalikuwa yameanza kuoza yanarudi udongoni, na miti ilikuwa na kitu mizizini cha kuanzia. Majirani wengine walikimbilia kuchimba siku zile zile, wakapata mihogo ya majimaji isiyoiva hata ukeshe unachochea, maana mti ulikuwa umeifungua ghala yake kulisha majani. Mwatumu hakugusa. Alisubiri miti ijaze tena. Nilimwona kupitia pengo, anapita katikati ya mistari mikono nyuma, hafanyi chochote.

Mimi sikuwa hata na mashina ya kupanda. Niliyachoma kuni. Kwetu mbegu ya muhogo hainyimwi mtu wala haiuzwi, wewe wajua, ni kwenda kuomba tu. Lakini niende kwa nani, na nyumba iliyokuwa nayo ilikuwa moja? Asubuhi ya tatu ya mvua nikakuta mafungu matatu ya mashina kwenye mpaka, upande wangu, yamekatwa urefu sawa, yamefungwa kwa ukindu. Nikalitazama fundo. Hakuna mwanamke mwingine kuanzia hapa hadi Msambweni anayefunga fundo lile. Ndilo analomalizia mikeka yake.

Nikayapanda. Baba yako akaniuliza nimeyapata wapi, nikasema kwa binti wa ami yangu. Shamba letu lote la leo, na mihogo uliyokula tangu siku ile, ya kuchemsha, ya kuchoma, ya nazi, na ile niliyokufungia ukaenda nayo kufanya mtihani, yote imetoka kwenye mafungu yale matatu. Na bado nilikukataza usimwamkie.

Sasa nifike mwaka jana, likizo ya Agosti. Ulikaa kwenye kizingiti cha jiko na kitabu chako cha mimea, mimi nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, ukasema, "Mama, sikiliza hii, yatuhusu." Ukanisomea namna mimea inavyojihimili wakati wa shida. Ukaenda vizuri, majani, mizizi, akiba, nami nakuitikia, najiona mwanamke mwenye bahati kusomewa na mwanawe. Kisha ukasoma kwamba muhogo una sumu ndani yake, kwamba ukame huizidisha, kwamba mtu akiula bila kuulowesha huumwa kichwa, hutapika, hulegea, na mtoto mwenye njaa ndiye inayemdhuru zaidi. Ulisoma kwa sauti ya darasani, wazi, hata hukunyanyua macho.

Mkono wangu ukateleza kwenye meno ya mbuzi. Ukaruka ukaleta kitambaa, ukanifunga kidole, ukaniambia, "Mama, tazama unachokifanya." Uliniona nalia ukadhani ni kidonda. Kovu lake liko kwenye kidole hiki kinachoshika kalamu.

Mwaka mzima nimekaa nalo. Kila siku nilisema nitakwenda kesho. Nilijipa sababu, kwamba Mwatumu amezoea, kwamba baba yako ataniacha, kwamba wewe utanidharau. Hii ya mwisho ndiyo iliyonishika zaidi, maana unanitazama bado kama ulivyonitazama ulipoomba uji.

Nimekuwa nikifikiri juu ya ule mti. Ulipobanwa na jua, ulitoa uchungu. Nami nilibanwa, mume yuko mbali, chakula hakuna, nikatoa uchungu vilevile, na ukawapata walio karibu nami. Tofauti ni kwamba mvua ilipokuja muhogo uliurudia utamu wake, mimi nikabaki vile vile miaka minane. Huko uendako utapata siku za kubanwa. Sikuombei zisikupate, nisingekuwa mkweli. Nakuombea uwe na mtu atakayekuuliza swali lenye maana mlangoni, na umjibu.

Na utakapokuwa bwana shamba, ukifika kwa mwanamke na daftari lako ukakuta shamba lake lina majani makavu hayajafagiwa, muulize kwanza anajua nini. Mimi nilimcheka aliyekuwa mwalimu wangu.

Hapa nimesimamisha kalamu. Nimesoma nilichoandika nikaona nimekuambia wewe kila kitu, na Mwatumu sijamwambia neno. Karatasi nimeikunja nikaitia kifuani. Nakwenda.

Nimerudi. Alasiri imekwisha adhiniwa na wewe umekwenda msikitini na baba yako, kwa hiyo hamkuniona nikipita kwenye pengo la ua kama mwizi. Miiba imenichana kanga.

Alikuwa kibarazani anasuka. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi, wifi. Mama Bakari."

Vidole vikasimama. "Karibu. Kuna mtu kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kwa ajili ya ile mihogo."

"Mihogo ipi?"

"Ile ambayo sikuionja."

Akaendelea kusuka. Alisuka ukili wa urefu wa dhiraa nzima, mimi nimesimama juani sijui niweke wapi mikono. Mwisho akasema, "Nilijua."

"Ulijua na hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Ulikuwa umeshasema wewe."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, na sikustahili. Nikamuuliza juu ya yale mafungu matatu, kwa nini aliyaleta baada ya maneno niliyomwambia mbele ya watu. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mtoto hakuwa na chakula," akasema. "Nimngoje mamake apoe?"

Nikapiga magoti nikamwomba msamaha, kwa maneno yote, nikayataja niliyoyasema moja baada ya jingine, hata lile la kufagia. Alisikiliza mpaka nikamaliza. "Sijui, wifi," akasema. "Hasira hii nimekaa nayo miaka mingi. Siwezi kuitoa leo nikakwambia imekwisha. Nipe siku." Kisha akauliza, "Aondoka lini?"

"Kesho asubuhi."

Akainuka. Ameanza kupinda mgongo, sikuwa najua, kwa mbali haionekani. Akaenda nyuma ya nyumba, akapita juu ya yale majani yake makavu yakivunjika chini ya miguu, akachimba shina moja kwa jembe lake fupi. Mizizi ilitoka minene, mitano, udongo mweusi umeishika. Akavunja ncha ya mmoja akanipa.

"Onja," akasema.

Nikaonja mbele yake, Bakari. Nilitafuna mpaka ikaisha. Ilikuwa tamu, nami nikamwambia ni tamu, naye akachukua ncha nyingine akaonja mwenyewe, maana haniamini bado, na ni haki yake.

Amekwisha menya. Amebandika, na nazi ameshaikuna. Harufu yake yafika hapa nilipo. Anasema muhogo ni wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni wewe.

Basi karatasi hii haiendi chini ya nguo. Utakaporudi kutoka msikitini nitakupa mkononi, usome ukiwa umekaa kwenye sanduku lako, na jua lingalipo. Ukimaliza usinijie mimi. Ukiwa na la kuniuliza litanikuta, siendi popote. Wewe pita kwenye pengo la ua, jihadhari na miiba, ufike kibarazani kwake umpe shikamoo. Mpe kwa sauti, usiinung'unike, ni ya miaka minane. Wakati uko huko nitamwita baba yako jikoni nimwambie, na huyo ndiye ninayemwogopa. Lakini niliogopa kwa Mwatumu vilevile, na nimerudi nimetafuna.

Nawasikia mnakuja njiani, baba yako bado anazungumza habari za kamba. Herufi hizi za mwisho zimeandikwa na kidole chenye kovu, usizitafutie makosa.

Nenda kwa shangazi yako. Mimi niko hapa dirishani, nimezima redio, nangoja kuisikia shikamoo yako.

Mama yako